Bi Bluu na Shuka za Kampuni

Wifi yangu ni mke wa kaka yangu, na kaka angeniomba ushauri mapema ningemwambia atafute mwingine. Si kwa ubaya. Ni kwamba mwanamke yule hawezi kuona kitu cheupe kina doa akanyamaza. Siku ya ndoa yao alimnong'oneza mfungishaji ndoa kwamba kola yake haikusuuzwa vizuri. Watu wa mbele wakacheka wakidhani bi harusi anatania. Hakuwa anatania, na yule mzee alimaliza shughuli kashika kola kwa mkono mmoja.

Mtaani tunamwita Bi Bluu, kwa ile bluu ya kufulia isiyokauka vidoleni mwake. Ni dobi. Tunakaa ua mmoja: chumba chao upande huu, changu upande ule, mimi na cherehani yangu mlangoni, na katikati ni kamba zake za kuanikia. Nikitaka kwenda chooni kwangu mwenyewe lazima niinamie suruali za watu nisiowajua.

Kazi alijifunzia kwa mama yake mdogo, aliyekuwa akifua nguo za hospitali. Alipelekwa huko akiwa msichana, ada ya shule iliposhindikana, akapewa karai na rundo la shuka za wodini. Wengine wangetoroka. Yeye anasema ndiko alikojua kwamba doa halina cheo, damu ya mkurugenzi na damu ya mfagizi zote zinatoka kwa maji baridi. Tangu hapo hamwogopi mtu, isipokuwa mteja. Mteja anamwogopa kuliko Mungu. Nguo ikirudishwa kwake kwa sababu haikutakata, hali chakula siku hiyo, na kaka yangu naye hali, maana hakipikwi.

Kaka yangu kazi yake ni kuwa na mipango. Tumwache hapo hapo alipo.

Sasa tuje kwa Kampuni. Bomba lao la mafuta linapita upande wa juu wa mtaa wetu, nyuma ya shule, limelala pale kama chatu aliyeshiba. Walipokuja kulilaza walifungua ofisi ya Mahusiano ya Jamii. Jamii ndiyo sisi. Mahusiano ndiyo kofia na fulana walizotugawia, na fulana zenyewe ukizifua mara moja unamvisha mtoto. Tukapiga makofi, tukapigwa picha, tukarudi nyumbani na kofia zetu.

Kisha bomba likapasuka kwenye kiungo. Mafuta yakateremka kwenye kijito, kijito kikanywewa na ardhi, na visima vyetu vyote vinakunywa ardhini. Ukichota kisima cha shuleni unaona juu ya ndoo utando unaometameta rangi rangi, na harufu yake ni ya jiko la mafuta ya taa lililozimwa sasa hivi. Kampuni ikaleta watu wenye chupa ndogo na glavu. Wakapima, wakaondoka, wakatangaza kwamba limetokea tukio dogo na kwamba maji yamo ndani ya kiwango kinachokubalika. Kinachokubalika na nani, hawakusema. Mimi sikuulizwa.

Binti yangu mdogo akatoka vipele. Vilianza shingoni, vikashuka mgongoni, vikapasuka. Alikuwa akijikuna mpaka usingizini. Kampuni ilikuwa na daktari wake aliyekuja mtaani kila wiki kututibu bure, nikampeleka. Yule bwana alimtazama mwanangu kwa mbali, akiwa kaegemea kiti, akaniambia, "Mama, tatizo hapa ni usafi. Mwogeshe vizuri tu, msugue, vitaisha."

Nikamuuliza, "Nimwogeshe kwa maji gani?"

"Haya haya ya kisimani. Ni salama."

Akanipa kipande cha sabuni chenye nembo ya Kampuni. Kina mama wote niliowakuta nje walikuwa wameshika kipande kama changu, na wote walikuwa wameambiwa ni wachafu. Niseme ukweli, nilitamani kumtafunisha ile sabuni na karatasi yake. Lakini daktari ni daktari, na mimi ni fundi wa kupunguza sketi. Nikaenda nyumbani nikamsugua mwanangu kwa maji yale yale, naye akalia, nami nikazidi kusugua.

Ndipo mtaa ukaenda mahakamani. Hatukuomba makubwa. Tuliomba Kampuni isafishe visima, na mpaka vitakapotakata, ituletee maji ya kunywa na kuoga. Tulipata wakili kijana ambaye hakutudai kitu na alikasirika haraka, jambo lililonipendeza.

Hapa ndipo Bi Bluu anapoingia, na anaingia kwa mguu mbaya.

Kampuni ina nyumba ya wageni kule kilimani, wanakolala wahandisi na wakubwa wanaotoka ng'ambo. Shuka, foronya, taulo, vitambaa vya meza, vyote vyeupe pe, vyote vilikuwa vikifuliwa na wifi yangu. Ndiyo kazi iliyokuwa ikiwalisha, yeye na mipango ya kaka yangu. Bomba lilipopasuka alijaribu kufulia maji ya kisima mara moja tu. Shuka zikatoka na rangi ya mkojo wa punda. Nilimkuta amekaa chini kando ya karai, analia kama amefiwa. Toka siku hiyo akawa ananunua maji ya gari linalopita kuuza barabarani, kwa fedha yake, na kufulia hayo. Kule kilimani hakusema neno. Aliogopa wakijua shida ya maji watapeleka kazi mjini.

Nikamwambia, "Wifi, unawasitiri watu wanaotuua."

Akasema, "Sisitiri mtu. Nani anatangaza uchafu wa duka lake?"

"Mficha maradhi, kifo kitamuumbua."

"Basi kikija kinikute nimemaliza kupiga pasi."

Ndivyo alivyo. Basi siku ya kwanza ya kesi, mjini, wakili wa Kampuni akasimama. Mtu nadhifu, anaongea polepole kama anayemlisha mgonjwa uji. Akafungua begi lake, akatoa shuka, akaikunjua mbele ya hakimu. Ilikuwa nyeupe mpaka macho yanauma. "Mheshimiwa," akasema, "shuka hii inafuliwa na dobi anayeishi mtaa huo huo wa walalamikaji. Mtaa huo huo, maji hayo hayo. Naomba mahakama itazame, kisha iniambie mafuta yako wapi."

Mtaa mzima tukageuka tukamtazama Bi Bluu. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi ninayemjua niliona kitu cha ajabu: mwanamke alikuwa na aibu, sawa, lakini kajivuli ka fahari kalikuwepo. Shuka ilikuwa imetakata kweli. Nilitaka kumfinya.

Hakimu hakuamua kitu siku ile. Alisema kikao kijacho kitafanyika kwetu mtaani, kwenye ukumbi wa shule, ili aone mahali penyewe kwa macho yake.

Tuliporudi, hakuna aliyemsalimia. Wateja wake wadogo wadogo wakaja kuchukua nguo zao zikiwa bado mbichi. Halafu yule wakili wa Kampuni akaja uani kwetu mwenyewe. Aliinama chini ya kamba, na kaptula ya ndani ya fundi seremala, iliyokuwa haijakauka, ikampapasa uso mzima. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Niliacha kukanyaga ili nisikie vizuri, maana umbea ukitaka kuufanya, ufanye sawasawa.

"Mama," akasema, "kikao kijacho tunakuita uwe shahidi wetu. Jambo dogo tu. Utasema shuka za Kampuni unazifulia hapa, kwa maji ya kisima cha hapa."

"Nitaapishwa?"

"Kawaida, kila shahidi anaapishwa."

"Na nikisema vingine?"

Wakili akatabasamu, akalifuta shavu lake. "Madobi wako wengi mjini, mama. Na wakubwa wetu wanakuja kutoka ng'ambo kuhudhuria. Watalala kule juu. Wangependa kukuta kila kitu kama kawaida."

Alipoondoka nikaacha kiti changu. Nilimuuliza Bi Bluu atasema nini. Akasema atasema ukweli. Nikamuuliza ukweli upi, ule wa shuka au ule wa mgongo wa mwanangu. Akaanza kuhesabu vibanio vya nguo. Nikamwambia maneno ambayo wifi humwambia wifi mara moja tu maishani, mengine yakimhusu mama yake mdogo wa hospitali. Tukanuniana. Tukawa tunawasiliana kupitia kaka yangu, kama nchi mbili zenye balozi mmoja mvivu. "Mwambie dada yako chumvi imeisha," na kaka anasahau, na chumvi inabaki kuisha.

Nilijua anachopima. Akisema anafulia maji ya kisima, kesi yetu imekufa, na mwanangu ataendelea kuoga mafuta na kuambiwa ni mchafu. Akisema ananunua maji, unga wake umemwagika, na bado Kampuni ingesema hilo ni neno la mtu mmoja aliyetishwa na majirani. Nilijua yote hayo na sikumwonea huruma hata kidogo. Nilikuwa na mtoto anayejikuna.

Siku moja kabla ya kikao, asubuhi, naenda kuchota maji, namkuta kisimani pale shuleni. Amepanga makarai yake yote. Amejaza maji ya kisima. Ndani yake ziko shuka za Kampuni, foronya za Kampuni, taulo za Kampuni, rundo zima la wageni wa ng'ambo.

Nikasahau kwamba tumenuniana. "Wifi, umerukwa na akili? Si utaziharibu?"

Hakuinua kichwa. Alikuwa anasuuza. "Wakili anataka niape kwamba nafulia maji ya kisima. Mimi sijawahi kula kiapo cha uongo na sitaanza kwa ajili ya mtu mwenye begi. Kwa hiyo nafulia maji ya kisima. Kesho nikiapa, nitakuwa nimesema kweli."

Nilisimama pale na ndoo yangu. Ilinichukua muda kuelewa, halafu kicheko kikanishika mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alikuwa amekunja uso kama anayekata kidole chake mwenyewe. Kila shuka aliyoikamua aliitazama ikiwa imekuwa njano, akaitia bluu, akaisuuza tena kwa maji yale yale, akaitazama tena. Machozi yalimtoka. Kwa mtu mwingine zingekuwa shuka tu. Kwake ilikuwa ni kumpelekea mteja kazi chafu kwa kukusudia, na hilo hajawahi kulifanya tangu azaliwe.

Tulisaidiana kuzianika na kuzipiga pasi. Bluu na jua zikazirudishia weupe kiasi, mtu asiye dobi asingeona kitu. Harufu ndiyo iligoma kutoka. Tulizibeba wote wawili mpaka kilimani. Mtunza nyumba akapokea, akanusa, akakunja pua.

Bi Bluu akamwambia bila kuficha, "Hizi nimefulia maji ya kisima cha mtaani. Zinanuka. Nakwambia mapema."

Mtunza nyumba akafikiri. Magari ya wageni yalikuwa yanaingia getini. "Lakini wakubwa wanasema maji yale ni salama," akasema.

"Wanasema."

"Basi mimi nani." Akapulizia dawa ya manukato ya chooni, akaenda kutandika.

Kesho yake ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Hakimu aliketi kwenye meza ya mwalimu mkuu. Kampuni ilikaa mbele, na katikati yao alikuwepo Mkubwa wao mwenyewe, pande la mtu, mwekundu, na mkalimani pembeni yake. Nilimtazama shingo. Alikuwa ameweka kidole ndani ya kola, anakizungusha.

Shahidi wa kwanza alikuwa daktari wa Kampuni. Akaapa, akasema amewaona watoto wa mtaa, na kwamba vipele vyao vinatokana na kutooga vizuri. Akalisema hilo mimi nimekaa namtazama, na mwanangu nimempakata. Mkubwa alikuwa sasa anajikuna mgongo kwenye kiti, taratibu, juu chini, kama ng'ombe kwenye mti.

Kisha Bi Bluu akaitwa. Wakili wa Kampuni akamsogelea kwa ile sauti ya uji. "Mama, shuka za nyumba ya wageni unazifua wewe?"

"Mimi."

"Kwa maji gani?"

"Ya kisima cha hapa shuleni."

Nyuma yangu watu wakaguna. Mmoja akamtukana. Wakili akafurahi, akainama kidogo kwa hakimu, akakaa. Alikuwa amemaliza kazi yake, wala hakuuliza swali moja zaidi. Ndipo wakili wetu akasimama, na swali lake lilikuwa fupi. "Tangu lini?"

"Tangu jana," akasema Bi Bluu.

Hakimu akainua kalamu. "Na kabla ya jana?"

"Kabla ya jana nilikuwa nanunua maji ya gari, Mheshimiwa, kwa fedha yangu. Maji ya kisima yanachafua nguo. Lakini wakili huyu aliniambia niape kwamba nafulia ya kisima, na mimi siapi uongo. Kwa hiyo jana nikayafulia. Hizo ndizo shuka walizolalia wageni usiku wa kuamkia leo."

Mkalimani alikuwa anatafsiri kwa kunong'ona. Alipofika hapo akamtazama bosi wake, akamalizia haraka haraka. Mkubwa akaacha kujikuna. Halafu, nadhani kwa kuwa sasa alijua anakuna nini, akaanza upya kwa mikono yote miwili. Kola ilikuwa imefunguka. Shingo yake ilikuwa na vipele ninavyovijua mimi, ningeweza kuvichora nikiwa nimefumba macho. Watu wa madirishani walianza kucheka, na kicheko kikaingia ndani. Hakimu akagonga meza ya mwalimu mkuu.

Akamwita daktari arudi mbele. "Bado uko chini ya kiapo. Mtazame bwana yule, uniambie ana nini."

Sijawahi kumwona mtu akitamani kuwa mahali pengine kama yule daktari. Alimkagua Mkubwa shingo, akamkagua mgongo chini ya shati, safari hii kwa karibu. Mbele yake zilikuwepo njia mbili. Aseme ni mafuta, au aseme bosi wake haogi. Akamtazama wakili. Wakili alikuwa anatafuta kitu ndani ya begi.

"Mheshimiwa," daktari akasema, "ni... ni ngozi tu. Ni joto la safari. Akioga vizuri vitaisha."

"Kwa maji gani?" Swali lile nililiuliza mimi. Sikuwa shahidi, sikuwa wakili, na nilikuwa nimesimama na mtoto begani bila ruhusa ya mtu. Hakimu alinikazia macho. Nikadhani nafukuzwa. Lakini akamgeukia daktari, akamwambia ajibu swali la mama.

Daktari akasema, "Ya kisimani. Ni salama."

"Basi aoge," akasema hakimu. "Nyuma kuna bafu la walimu. Tutamsubiri."

Sikungoja kuagizwa. Nilimpa Bi Bluu mtoto, nikatoka, nikachota. Nilirudi na ndoo imejaa, nikaitua mbele ya Mkubwa, taratibu nisimrushie matone, maana sisi tuna adabu. Utando ulikuwa juu, unametameta. Mkalimani akamweleza. Mkubwa akaitazama ile ndoo. Akainama, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Kisha akasema kitu kifupi kwa lugha yao.

"Amesema nini?" akauliza hakimu.

Mkalimani akamtazama wakili wa Kampuni, na wakili akatikisa kichwa, lakini hakimu akarudia swali. "Amesema hapana," akasema mkalimani. "Amesema hawezi kuoga haya. Amesema yana mafuta."

Hakuna aliyecheka. Hakimu akaandika. Tulikuwa tunaisikia kalamu. Nilitaka kufurahi na badala yake nikashikwa na hasira, kwa sababu alihitaji kunusa mara moja tu, mtu mzima, usiku mmoja wa kuwashwa, na maneno yakamtoka bila kupimwa na mtu mwenye glavu. Mwanangu alikuwa amejikuna miezi na miezi.

Hakimu akaamuru siku ile ile. Magari ya maji yaanze kuja kesho yake kwa gharama ya Kampuni, visima vianze kusafishwa, na mambo ya fidia yasikilizwe baadaye. Hayo ya baadaye tunajua yatakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Lakini maji ni maji.

Wakili wa Kampuni alimfuata Bi Bluu mlangoni, mwanangu bado kalala begani kwake. Akamwambia, si kwa ile sauti ya uji tena, kwamba kazi yake ya shuka imekwisha kuanzia leo.

"Haya," akasema Bi Bluu. "Lakini wazirudishe kwangu kwanza, nizifue upya. Zimetoka mikononi mwangu chafu."

Wakili akadhani anadhihakiwa, akaondoka zake. Hakuwa akidhihakiwa. Alipokwisha kutokomea, wifi yangu aliketi kwenye ngazi ya shule akalia kwa sauti, na mimi niliketi pembeni yake, nikamwachia alie.